Bodi ya maji: bomba la sokoni au chemba za majitaka? Naomba ushauri kabla ya kikao

Mwalimu Mstaafu — Jumapili, saa 3:12 usiku

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa watu wanaoijua kazi ya maji kwa mikono yao, maana makaratasi nimeyasoma hadi macho yanauma.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Miezi minne iliyopita niliingia kwenye bodi ya mamlaka ya maji ya mji wetu, nikiwakilisha wateja wa majumbani. Mji ni mdogo, makao makuu ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Jina naliacha kwa sababu ninayoyaeleza ni ya kikao. Tunazalisha mita za ujazo 900 kwa siku, tunauza kama 560. Majitaka tunao mtandao mdogo wa zamani, uliojengwa kwa ajili ya hospitali, nyumba za watumishi na soko. Wateja wake hawafiki 150. Mji mzima uliobaki unatumia mashimo na gari la kunyonya.

Tatizo liko kwenye barabara moja, ya sokoni. Bomba kuu la inchi nne, lile la saruji ya asbesto, limepasuka mara 11 tangu Januari. Likipasuka tunafukua, tunafunga klampu, tunafukia, na hazipiti wiki tatu limepasuka pengine. Upande huohuo wa barabara inapita laini ya majitaka, na chemba tatu za chini, karibu na ukuta wa shule niliyofundisha miaka 22, zinafurika. Si wakati wa mvua tu, hata sasa kiangazi zinafurika. Watoto wakubwa wanaruka yale maji wakiingia getini. Wa darasa la kwanza hawawezi kuruka, wanakanyaga. Nilikwenda kusimama pale asubuhi moja nikawaona, na tangu siku hiyo usingizi wangu si wa kawaida.

Akaunti ya matengenezo ina milioni 48. Menejimenti imeleta andiko: kubadilisha mita 600 zote za bomba la sokoni kuweka plastiki ngumu, milioni 43. Kutengeneza chemba na kubadilisha mita 180 za bomba la majitaka, milioni 31. Vyote haviwezekani. Wanapendekeza bomba lifanyike mwaka huu na majitaka yasubiri bajeti ijayo, kwa hoja kwamba majisafi ndiyo yanayoingiza fedha. Mwenyekiti anakubaliana nao, na sioni kama ana nia mbaya.

Moyo wangu uko kwenye chemba. Lakini waliopendekeza jina langu ni wateja wa majumbani, na ninapopita mtaani wanachonilalamikia ni bomba: maji kukatika, maji kuja na tope. Nisiyekuwa mhandisi nitajuaje kama ninachoambiwa ni sawa? Niulize nini, niombe kuona nini? Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo, nina siku kumi na moja.

Fundi Bomba wa Zamani — Jumapili, saa 4:40 usiku

Mwalimu, pole na hongera kwa jukumu. Nimefanya kazi ya bomba miaka 31 kwenye mamlaka mbili, nikastaafu nikiwa msimamizi wa mtandao. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kwenye maelezo yako kuna jambo ambalo andiko la menejimenti limelipita: bomba na majitaka viko upande mmoja wa barabara, na chemba zinafurika hata kiangazi.

Kabla hujachagua kati ya bomba na chemba, nenda kafungue chemba saa tisa usiku. Nenda kweli, na fundi wa zamu na tochi. Saa hizo soko limefungwa, watumishi wamelala, hospitali inatumia kidogo. Laini yenye wateja mia na ushee inatakiwa iwe na mchirizi mwembamba tu chini. Ukikuta maji yanakimbia, meupe, hayana povu wala harufu kali, hayo ni maji yenu ya bombani. Yanatoka kwenye bomba lililotoboka chini ya ardhi, yanaingia kwenye maungio ya bomba la majitaka lililochoka, yanasafiri hadi kwenye ukuta wa shule. Ninyi mmehesabu mipasuko 11 iliyotokeza juu. Inayowamaliza ni ile isiyotokeza.

Ili uone ukubwa wake: tundu la milimita 6, jembamba kuliko penseli, kwenye bomba lenye presha ya bar 3, linatoa kama lita 35,000 kwa siku. Ndoo 1,750 za lita ishirini. Tundu moja.

Na lililo baya zaidi ni hili. Tundu linalotoa maji presha ikiwepo ndilo linaloingiza uchafu presha ikiondoka. Umeme ukikatika pampu ikasimama, au mkifunga maji ili kutengeneza mpasuko, bomba linaanza kunyonya kilichoko nje yake. Kama nje kumelowa majitaka, hayo ndiyo yatakayotoka kwenye koki maji yakirudi. Ile tope wanayokulalamikia wateja ulizia vizuri inakuja saa ngapi, na kama ina harufu. Sisi tulifundishwa bomba la maji likae juu, la majitaka chini, na kati yake walau futi moja ya udongo mkavu. Kwenye barabara zetu nyingi za zamani nimefukua nikakuta yamelaliana. Kwa hiyo omba kipimo cha klorini cha koki za mwisho za mtaa huo. Watakupa cha tanki, wewe sema unataka cha koki ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapochota.

Halafu kuna kipimo kisichohitaji mashine yoyote. Tanki lenu lina umbo gani? Usiku mmoja fungeni maji yanayoingia tankini, mpime kwa kijiti au futi kina cha maji saa nane, mpime tena saa kumi. Maji yaliyoshuka ndiyo yaliyoondoka mji ukiwa umelala. Usiku mwingine mrudie, safari hii vali ya tawi la sokoni ikiwa imefungwa. Tofauti ya usiku wa kwanza na wa pili ni ya barabara yenu. Wewe ni mwalimu, hesabu utaifanya mwenyewe.

Omba pia daftari la zamu la matengenezo. Chora mipasuko yote 11 kwenye karatasi moja kwa umbali kutoka jengo linalojulikana. Nitashangaa sana ikiwa imeenea mita zote 600. Bomba la asbesto halipasuki kwa uzee peke yake, mara nyingi linapasuliwa: mtu anafungua vali kwa haraka maji yakaenda kugonga mwisho wa bomba, au hewa imenaswa mlimani hakuna vali ya kuitoa, au lori zinapita juu ya sehemu iliyolazwa kina kifupi. Mkiweka bomba jipya na mfunguaji akawa yuleyule na mwendo uleule, mtarudi kulipasua na hilo.

Mabomba mengi ya namna hiyo yalilazwa miaka ya sitini na sabini. Ni zama zilezile ulipotangazwa ule mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, mwaka 1971, kwamba ifikapo 1991 kila mtu awe na maji ndani ya mita 400. Waliolaza mabomba kipindi kile walifanya kazi kubwa kwa jembe na sululu. Sisi tuliokuja baada yao ndio hatukuyatunza, na nasema hivyo nikijihesabu.

Jambo la mwisho lisimamie hata wakikuona msumbufu. Bomba la asbesto lisikatwe na grinda kavukavu. Vumbi lake likivutwa linaingia kwenye mapafu na halitoki. Lilowanishwe kwanza, likatwe kwa msumeno wa mkono, vijana wavae barakoa zinazofaa. La zamani mnaweza kuliacha ardhini, mkaliziba ncha zote mbili.

Muuza Nafaka — Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mama, mimi si fundi, ni mfanyabiashara wa sokoni, mji mwingine kabisa. Kwetu mkandarasi wa barabara alikata bomba la majitaka na greda, akafukia, akaondoka. Kila tukiuliza tunaambiwa ni la fulani, na fulani anasema ni la mwenzake. Miezi saba tumeuza mahindi na maharage pembeni ya maji meusi. Mwanangu wa pili alilazwa kwa kuhara siku nne, na mama mwenye genge la mboga jirani yangu alilazwa wiki hiyohiyo.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba hizo hesabu za "hiki kinaingiza, hiki hakiingizi" ndizo zilizotumika kwetu. Umewaona watoto kwa macho yako. Piga kura kwenye chemba, mambo mengine mtayamaliza mbele ya safari.

Mwalimu Mstaafu — Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Pole sana ndugu yangu, na mtoto pole. Nimekusoma mara mbili.

Kaka Fundi, shikamoo, na asante. Sikulifikiria kabisa hilo la maji safi kuingia kwenye majitaka. Tanki ni la duara, zege, kipenyo mita 8. Leo saa nne naenda ofisini kuomba daftari. Maji ya tope yanakuja asubuhi baada ya umeme kukatika usiku, nimeuliza nyumba tano. Nyumba mbili wamesema yananuka.

Mzibuaji — Jumatatu, saa 6:48 mchana

Hujambo mwalimu. Nawaandikia kutoka Kenya, nimefanya kazi ya maji taka miaka 14 katika kampuni ya maji ya kaunti. Fundi hapo juu amesema kweli tupu kuhusu kuangalia manholi, zile mnazoziita chemba, usiku. Mimi naongeza upande wangu.

Manholi ikifurika, shida karibu kila mara iko chini yake, mbele ya mahali maji yanapotokea. Kwa hivyo msianze kuvunja zile tatu zinazofurika. Fungueni ya nne na ya tano kuelekea mabwawa ya kutibia maji taka. Ile ya kwanza mtakayoikuta kavu, au ina maji kidogo, basi kizibo kiko kati yake na ile iliyojaa. Sokoni mtapata matambara, nywele za saluni, mafuta ya vibanda vya chipsi yaliyoganda kama sabuni, na mchanga. Mchanga ni dalili kwamba bomba limevunjika mahali na udongo unaingia. Pia tazameni nyumba zilizoelekeza maji ya mabati kwenye laini ya maji taka, hizo ndizo zinawamaliza wakati wa mvua. Pengine kati ya zile mita 180 zinazohitaji bomba jipya ni chache, na zilizobaki zinataka kusafishwa tu kwa gari la maji ya presha. Ulizeni mamlaka jirani wawakodishe siku mbili.

Sasa sikiliza hili, tafadhali. Mtu yeyote asiingie ndani ya manholi. Hata ikiwa fupi, hata akisema amezoea. Ndani kuna gesi inayonuka yai viza, na ikizidi inaua pua kwanza, huisikii tena, unadhani imeisha. Nilizika rafiki yangu kwa sababu hiyo. Alishuka kuokota koleo lililoanguka. Mwenzake alishuka kumtoa. Wa tatu tulimshika miguu tukamrudisha juu, akitulaani. Kifaa cha kupima gesi kilikuwa kimefungiwa stoo na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Kwa bajeti yenu hiyo, kabla hamjanunua hata mita moja ya bomba, nunueni kifaa cha kupima gesi, mshipi wa kumvuta mtu, na kigoda cha miguu mitatu chenye winchi. Na ufunguo wa stoo ukae na mtu wa zamu.

Mkitaka kuona mji mdogo uliofaulu kuzuia maji yasipotee, angalieni Nyeri. Nchi nzima huku tunapoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotengenezwa, lakini wao wako chini ya hapo kwa mbali, na kwa miaka mingi wamekuwa juu katika ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji huku Kenya. Hawakufika hapo kwa mradi mmoja mkubwa. Ni kupima kila eneo peke yake na kufuatilia mita moja baada ya nyingine.

Mkaguzi wa Ndani — Jumatatu, saa 2:15 usiku

Mwalimu, mimi ni mkaguzi wa ndani kwenye mamlaka nyingine ya maji hapahapa Tanzania. Ya bomba waachie mafundi, mimi niseme ya kikao.

Ukiingia na taarifa yako ya usiku bila kumpitishia Mkurugenzi kwanza, utaonekana umevamia kazi ya menejimenti na hoja itakufa kwa sababu ya utaratibu. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 bodi inasimamia, haiendeshi. Kwa hiyo mwandikie Mkurugenzi leo, omba kipimo cha usiku kifanywe na meneja wa ufundi, wewe uwepo kama shahidi. Matokeo yawe ya mamlaka, yaingie kwenye makabrasha ya kikao. Watu huyatetea zaidi matokeo waliyoyapima wao wenyewe.

Hoja ya "majitaka hayaingizi" isikutishe. Kwenye ankara za hao wateja 150 kuna tozo ya majitaka kila mwezi, na hospitali ndiyo kubwa kuliko wote. Omba uonyeshwe imekusanywa kiasi gani kwa miaka mitatu na imetumika wapi. Bei hizo zinapitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na EWURA hiyohiyo kwenye ripoti zake za kila mwaka inapima upotevu wa maji wa kila mamlaka. 900 mkiuza 560 ni upotevu wa karibu asilimia 38. Andiko linalosema bomba jipya litaongeza mapato liseme litashusha hiyo 38 hadi ngapi, na kwa msingi gani.

Mkipunguza ukubwa wa kazi, angalieni isionekane mmeikata zabuni vipande ili kukwepa ushindani. Sababu ya kiufundi iandikwe kwenye muhtasari. Na kama kuna mjumbe mwenye duka la vifaa vya maji, atamke maslahi yake kabla ya mjadala kuanza.

Mwalimu Mstaafu — Jumapili, saa 11:20 jioni

Wakuu, nimerudi na majibu. Nisameheni kwa urefu.

Mkurugenzi alikubali, tena haraka kuliko nilivyotegemea. Usiku wa Jumatano tulikuwa tankini mimi, meneja wa ufundi na vijana wawili wa zamu. Baridi ilikuwa ya kuuma, nilivaa makoti mawili. Kuanzia saa nane hadi saa kumi maji yalishuka sentimita 46. Kwa duara la mita 8 ni mita za ujazo 23 kwa saa mbili, mji ukiwa umelala. Ijumaa tukarudia vali ya sokoni ikiwa imefungwa: sentimita 17. Yaani mita 8.5 tu. Barabara moja ya sokoni ilikuwa inakunywa zaidi ya mita 7 kila saa.

Nikafanya hesabu kwa uoga, nikaikata nusu, kwa sababu mchana presha ni ndogo na gesti nyingine hujaza matanki usiku. Hata nusu yake ni mita 87 kwa siku. Kwa bei yetu ya shilingi 1,400 ni kama milioni 3.6 kwa mwezi. Nilimwonyesha meneja wa ufundi karatasi, akaketi kwenye ngazi ya tanki, akanyamaza muda mrefu.

Kuhusu chemba. Ijumaa, kabla ya kufunga vali, tulifungua ile iliyo juu ya shule, hakuna aliyeshuka. Maji yalikuwa kina cha vidole vitatu, yanakimbia, meupe, niliona matofali ya chini kwa tochi. Tukaenda kufunga vali, tukapima tanki, tukarudi kwenye chemba saa kumi. Kina cha kidole kimoja. Na ilikuwa inanuka! Kijana mmoja wa zamu akasema, "Sasa mama, hii ndiyo chemba." Kaka Fundi, sina namna ya kukushukuru. Miaka miwili tumekuwa tukimwaga maji safi yaliyotiwa dawa, yakapitia kwenye uchafu, yakawafikia watoto wakiwa na viatu vya kitambaa.

Kilichonitisha ni klorini. Tankini 0.6. Koki ya mwisho karibu na kituo cha mafuta, saa saba mchana, 0.05. Koki ya shule 0.1. Sikusubiri kikao. Nilimwambia Mkurugenzi palepale, na mchana huohuo ofisa afya wa wilaya akaarifiwa, shule ikaambiwa maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mamlaka ikaanza kufungua washauti za mtaa huo, yaani vali za kumwaga maji nje, ili kusafisha bomba. Yale maji ya asubuhi baada ya umeme kukatika, tumetangaza kwa kipaza sauti yasichotwe hadi yatoke nusu saa.

Daftari nalo: mipasuko 9 kati ya 11 imo ndani ya mita 140, kati ya lango la soko na kituo cha mafuta. Ndipo malori ya mbao yanapogeuzia.

Ndugu wa Kenya, tulifuata maneno yako. Chemba ya tano ilikuwa karibu kavu. Kizibo kiko kati ya ya nne na ya tano, na kwenye ya nne umejaa mchanga. Kifaa cha gesi hatuna. Nilipouliza, kijana wa zamu alinijibu kwamba huwa wanawasha kiberiti kwanza waone. Niliposikia hivyo nilitetemeka mwili mzima.

Mzibuaji — Jumapili, saa 1:02 usiku

Mwalimu, kiberiti kisitumike tena kuanzia leo. Ndani kuna gesi nyingine inayolipuka. Waambie usiku huu huu, piga simu.

Mwalimu Mstaafu — Jumapili, saa 1:30 usiku

Nimepiga. Wote wawili, na msimamizi wao.

Mwalimu Mstaafu — Ijumaa, saa 12:45 jioni

Kikao kilikuwa jana, kuanzia saa tatu hadi saa tisa.

Meneja wa ufundi ndiye aliyewasilisha, si mimi, kama Mkaguzi alivyoshauri. Tumepitisha mita 160 za bomba jipya, litakalolazwa upande wa pili wa barabara, mbali na majitaka, na wateja wote wa kipande hicho wahamishiwe huko ili la zamani lizibwe ncha zote. Kibali cha kukata barabara kinaombwa wiki hii TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Majitaka tumepitisha mita 60 na chemba tatu, gari la kuzibua likodishwe mamlaka jirani, na vifaa vya usalama vinunuliwe kabla ya kazi yoyote kuanza. Jumla haifiki milioni 29. Iliyobaki haiguswi hadi kipimo kingine cha usiku.

Haikuwa rahisi. Mjumbe wa wafanyabiashara alikasirika, na ana haki: aliwaahidi watu wake mita zote 600, na waliopo baada ya kituo cha mafuta watabaki na bomba la zamani. Kesho saa nne nakwenda naye sokoni tuwaeleze pamoja. Nimechora ile ramani ya mipasuko kwenye karatasi kubwa ya manila, kama nilivyokuwa nachora darasani. Tozo ya majitaka ya miaka mitatu tumeomba iletwe kikao kijacho, kwa sababu takwimu zilizoletwa jana zilikuwa za mwaka mmoja.

Muuza Nafaka, nilisema habari ya mwanao kikaoni, bila kutaja mji. Walisikiliza.

Fundi Bomba wa Zamani — Ijumaa, saa 2:10 usiku

Mwalimu, mmefanya vizuri. Nina swali moja lililonikaa tangu Jumapili. Ule usiku mlipofunga vali ya sokoni, fundi alizungusha mara ngapi?

Mwalimu Mstaafu — Ijumaa, saa 2:25 usiku

Hatukuhesabu kaka. Alizungusha hadi ikagoma.

Fundi Bomba wa Zamani — Ijumaa, saa 2:31 usiku

Geti vali ya inchi nne kwa kawaida ni mizunguko 13 au 14 hadi ifunge kabisa. Rudini muihesabu, taratibu, na mhesabu tena mkifungua.

Mwalimu Mstaafu — Jumamosi, saa 3:50 asubuhi

Nimetoka huko sasa hivi, kabla ya kwenda sokoni. Imegoma kwenye wa 9. Tumefungua tukafunga mara tatu, wa 9 kila mara.

Fundi Bomba wa Zamani — Jumamosi, saa 4:20 asubuhi

Basi haikuwa imefunga, ina mchanga au kutu chini ya geti, na ile 17 yenu ilikuwa na maji ya sokoni ndani yake bado. Barabara hiyo inapoteza zaidi ya mlichopima. Ongezeni vali moja ya inchi nne kwenye orodha, iwekwe kabla ya bomba jipya halijaunganishwa, na mpime tena usiku.